Nimewanunulia fulana za "Sisi ni Familia", nikaikuta moja inafuta pikipiki

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa chuo, sikufikiri kama na mimi siku moja nitaandika. Nina miaka 41, naishi Dar es Salaam, nina mume na watoto wawili. Nyumbani namshukuru Mungu hakuna neno. Linaloninyima usingizi ni la ofisini.

Naendesha kampuni ya uwakala wa forodha aliyoianzisha marehemu baba. Kwa wasioijua kazi hii, mteja anaagiza mzigo, meli inafika, sisi ndio tunahangaika na nyaraka, kodi, bandari na malori mpaka kontena limfikie mlangoni kwake. Ni kazi ya mbio. Kontena likizidisha muda wake bandarini, storeji inahesabu, iwe sikukuu iwe mvua. Baba alifariki mwaka 2021, tukairithi mimi na kaka yangu. Kaka ana hisa lakini shughuli zake ziko Arusha. Mimi ndiye ninayelala nayo na kuamka nayo. Tuko 26 kwa jumla, madereva, vijana wa bandarini, watu wa nyaraka, mhasibu na mama wa usafi.

Enzi za baba ofisi ile ilikuwa na kelele za watu wanaocheka. Nilikuwa nikipita likizo za shule nawakuta wamezunguka sinia moja, baba katikati, amekunja mikono ya shati. Leo ukiingia kwetu ni kama stendi ya mabasi: kila mtu amekaa na mzigo wake anasubiri gari lake. Saa kumi na moja ikigonga, viti vitupu. Mwaka jana waliacha kazi watatu, mmoja akiwa mtu wa nyaraka niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui hata kujaza fomu.

Kilichonifanya nione kwamba jambo hili si la tabasamu tu ni la mwezi wa pili. Kijana mmoja wa nyaraka alikosea namba ya bidhaa kwenye tamko la forodha, kodi ikatoka tofauti, mzigo ukazuiwa. Kukosea kupo. Kilichoniuma ni kwamba alijua siku ile ile, na wenzake wawili wakajua, wakanyamaza siku tatu wakijaribu kurekebisha kimyakimya. Mpaka mteja mwenyewe ananipigia simu, makontena manne yamekwama. Storeji na usumbufu mwingine vilitugharimu zaidi ya milioni 11. Siku hiyo, sikufichi Mama, nilisema nao. Nilisema nao mbele ya wote mpaka mlinzi wa geti akasikia. Lakini nani asingekasirika?

Baada ya hapo nikasema hapana, tatizo letu ni utamaduni, hawa watu hawajihisi timu. Nikaanza. Nikashona fulana 30 zenye nembo yetu na maneno "Sisi ni Familia". Nikaagiza keki kila mtu akifikisha siku ya kuzaliwa. Nikafungua kundi la WhatsApp, kila Jumatatu naweka neno la kutia moyo. Wanajibu "Amina" na vidole gumba, basi. Kumbe wana kundi lao lingine, mimi simo. Nimelijua kwa bahati mbaya, simu ya mtu ilikuwa mezani. Na ile fulana, Mama, wiki mbili tu baada ya kuwagawia nilimkuta messenja wetu anafutia tangi la pikipiki. Aliponiona akaificha nyuma. Nikajifanya sijaona, nikaingia chooni nikalia.

Nisionekane nasema hawana utu. Wiki tatu zilizopita kijana yule yule aliyeficha kosa alifiwa na mama yake, Korogwe. Wenzake walichangishana, wakakodi Coaster, wakaondoka Jumamosi jioni watu 15, wakazika Jumapili, na Jumatatu asubuhi wote walikuwa kwenye meza zao macho mekundu. Mimi sikuweza kwenda, kulikuwa na meli mbili, ila nilituma rambirambi ya laki mbili kupitia kwa dereva. Yeye mfiwa alikosa siku sita za kazi, likizo ya msiba ni nne, kwa hiyo mhasibu alimkata mbili kama utaratibu ulivyo. Nayasema haya kuonyesha kwamba moyo wanao, ila kazini hawauleti.

Sasa nimempata mtaalamu wa semina za kujenga timu. Anatupeleka Bagamoyo Ijumaa mpaka Jumamosi, hotelini ufukweni, michezo, mafunzo ya kuaminiana, na saa moja ya mambo ya afya ya akili. Jumla milioni 6 na nusu, na hela hiyo ninayo kutoka faida ya mwaka jana. Kaka hataki kusikia. Anasema ukigawa kwa watu 26 ni laki mbili na nusu kila mmoja, wape mkononi uone watakavyokupenda. Nilipoitaja safari ofisini, nilisikia sauti nyuma ya kabati la mafaili, "Si tungepewa tu hizo hela."

Je, niwekeze kwenye huu utamaduni wa kampuni au najidanganya? Niende Bagamoyo, nigawe hela, au niache kila mtu afanye kazi alipwe aende kwao? Baba alifanyaje yeye, ambaye hakuwahi hata kuijua semina?

Binti wa Bandarini

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa baba, na pole kwa kile kilio cha chooni. Nimekisoma mara mbili. Mtu anayelia kwa ajili ya fulana hajalia kwa ajili ya fulana.

Kwanza nikuambie ninavyolielewa jambo lako, unirekebishe nikikosea. Una kampuni inayoishi kwa haraka na kwa uaminifu wa nyaraka. Umeona watu wako wanaondoka, wanakuficha makosa, na hawacheki. Umejaribu kuwasogelea kwa vitu, vitu vimerudi baridi. Sasa una milioni 6 na nusu mkononi na hujui uielekeze wapi ili ofisi irudi kuwa ile uliyoikuta ukiwa msichana wa likizo. Na nyuma ya yote kuna kivuli cha mzee aliyekunja mikono ya shati.

Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 22, mingi nikiwa kwenye kiwanda cha nguo, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wako wa meza. Upande huo una upofu wake, na mimi nilikuwa nao.

Umeandika kwamba watu wako hawajihisi timu. Halafu, aya chache mbele, umenisimulia watu 15 waliochangishana bila kuambiwa, wakakodi gari, wakasafiri usiku kwenda Korogwe, wakamzika mama wa mwenzao, na Jumatatu wakawa mezani. Mwanangu, huyo mtaalamu wako angeweza kuiuza hadithi hiyo kwenye semina zake kama mfano. Hata wale wawili walionyamaza siku tatu pamoja na mwenzao aliyekosea, ukiwatazama bila hasira, walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanamkinga. Walifanya vibaya, tena kwa gharama kubwa, lakini walifanya pamoja.

Kwa hiyo ningependa ujiulize swali hili ukiwa peke yako, labda kwenye foleni ya Bandari: unachokitafuta ni wao waunganike, au ni wewe uingie kwenye muungano ambao tayari upo? Sisemi la pili ni aibu. Kuongoza watu kuna upweke wake ambao hakuna anayekuonea huruma, kwa sababu una gari. Ila majibu ya maswali hayo mawili hayafanani, na gharama zake hazifanani.

Lile kundi la pili la WhatsApp nisingelihangaikia sana. Hata sisi tulikuwa nalo, lilikuwa chini ya mwembe. Wafanyakazi wakikosa mahali pa kumsema bosi, wataanza kusemana wenyewe.

Sasa tuje kwenye ile siku ya makontena manne. Umeuliza nani asingekasirika. Hakuna. Ninachokiangalia ni walichojifunza wengine 25 waliokuwa wanasikiliza pamoja na mlinzi. Yuko profesa wa Harvard, Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali Marekani. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri pamoja ziwe na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri zilikuwa zinaripoti makosa mengi zaidi. Alipozama akaona maelezo yanayoelekea kuwa kweli, kwamba kwenye wodi ambazo kiongozi hapigi kelele wauguzi walisema walipokosea, na kwenye wodi za ukali makosa yalifukiwa. Nimelitaja hili kwa sababu kosa la namba ya bidhaa likisemwa saa tatu asubuhi, mara nyingi linarekebishika kabla jua halijazama. Likisemwa siku ya nne ni milioni 11. Gharama yako kubwa, kama nimeisoma barua vizuri, ilitokana na zile siku tatu. Na siku tatu zilitokana na hofu. Hofu hiyo ilikuwepo kabla ya siku uliyosema nao. Sijui ilianzia wapi, wewe ndiye unayeweza kukumbuka. Najua tu kwamba siku hiyo haikupungua.

Je, Bagamoyo inaweza kuipunguza? Nisikukatishe tamaa, safari zina kazi yake. Tuliwahi kwenda Mikumi na basi la kiwanda, likaharibika njiani, na mhasibu mkuu, mtu ambaye tulikuwa tunamwogopa hata kumsalimia, akashuka akapika chai ya watu 40 kando ya barabara kwa kuni za kuokota. Miaka mingi baadaye mtu akitaka kuomba mkopo wa dharura alikuwa haogopi kugonga mlango wake. Lakini angalia, kilichofanya kazi hapo ni basi bovu, na semina haikuwepo. Kwenye semina za kuaminiana mtu anaambiwa ajiangushe kwa nyuma mwenzake amdake. Watu wako wamekwishadakana Korogwe. Kama kuna mtu ambaye hawana uhakika kama atawadaka, wote tunamjua, na sidhani kama mchezo wa ufukweni utawajibu.

Kuna mengine madogo ya kuyapima kuhusu hiyo safari. Mama mwenye mtoto anayenyonya analala wapi Ijumaa hiyo? Asiyetaka kuvaa nguo za kuogelea mbele ya bosi anasingizia nini? Jumamosi ni siku ya kazi kwenu, au mtakuwa mmewachukulia siku yao na kuiita zawadi? Na meli zikiingia mbili siku hiyo, nani anabaki? Atakayebaki, fulana yake ya familia inamaanisha nini?

Kuhusu ile saa moja ya afya ya akili, nia yako njema naiona. Mwaka 2024 mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza. Alikuta kwamba waliopewa mafunzo ya kustahimili mfadhaiko, programu za simu za kutuliza akili na mfano wa hayo, kwa ujumla hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kilichoonekana kuleta nafuu kidogo kilikuwa kimoja, watu kujitolea kusaidia wengine. Maoni yake ni kwamba waajiri wayatazame mazingira ya kazi yenyewe, zamu, mzigo, malipo, badala ya kumfundisha mtu kupumua vizuri chini ya mzigo ule ule. Uingereza si Kurasini, najua. Lakini niliposoma nilikumbuka Coaster yako.

Basi tumsikilize na kaka. Nakuona ulivyomtaja kwa uchungu kidogo, kama mtu aliye mbali anayerahisisha. Hata hivyo amesema jambo ambalo ile sauti ya nyuma ya kabati imelisema pia, na watu wawili wasiojuana wakisema neno moja, mimi huwa nasimama. Laki mbili na nusu kwa dereva mwenye watoto shuleni si kitu cha kudharau. Hatari yake unaijua: hela ya mara moja inaingia kwenye ada ikapotelea humo, mwakani faida isipopatikana wataihesabu kama mmewanyang'anya, na ile hofu bado imekaa kwenye kiti chake. Mtu unaweza kumpa bonasi leo na kesho akakuficha kosa.

Ila "tungepewa hizo hela" wakati mwingine haina maana ya tamaa. Wakati mwingine ni njia ya adabu ya kusema kuna hela nyingine tunayodai. Kwa hiyo nikuulize mambo ambayo hukuyaandika. Mishahara inatoka tarehe mliyokubaliana, au inasubiri wateja walipe? Michango yao ya NSSF inapelekwa kila mwezi, na wakiangalia wanaikuta? Na zile Jumapili za meli, wanalipwaje? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, kazi ya siku ya mapumziko ya wiki ilipwe mara mbili, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne. Ofisi nyingi za bandarini zinatoa "hela ya soda" na kuendelea na safari. Kama ninyi hamumo, nisamehe, ruka aya hii. Kama mumo, basi hiyo milioni 6 na nusu ina mwenyewe kabla hatujaijadili, na kuwapeleka watu ufukweni kwa jasho lao wenyewe watalitambua, hata wakipiga picha wanacheka.

Mimi nilijifunza mahali pengine, kwa aibu. Mwaka mmoja uongozi wa kiwanda ulitaka kubana matumizi, tukafuta chai ya saa nne. Nasema tukafuta kwa sababu barua niliisaini mimi. Ilikuwa chai ya rangi, vikombe vya bati, mkate mkavu, dakika 20. Kwenye karatasi tuliokoa. Miezi iliyofuata mashine zikawa zinasimama ovyo, na hatukujua kwa nini, mpaka fundi mmoja mzee akaniambia, "Binti, mimi mashine nilikuwa nazitibu kwenye chai." Kumbe pale ndipo wasichana wa kufuma walipokuwa wanamwambia namba saba inapiga kelele tangu jana. Hakuna aliyekuwa anaiandika kwenye ripoti, ni maneno tu, katikati ya mkate. Chai ilirudishwa, lakini ilichukua muda watu kurudi kuzungumza. Walikaa na vikombe vyao mbalimbali, kama stendi ile uliyoisema.

Kwa hiyo umeniuliza baba alifanyaje, na mimi sikumjua mzee wako, lakini umeniandikia kuhusu sinia. Nimepiga hesabu kwenye bahasha ya barua yako. Chakula cha mchana cha mama ntilie, tuseme 3,000 kwa sahani, watu 26, siku 22 za mwezi, ni milioni 1 na laki 7 na kidogo. Hela ya Bagamoyo inakwisha kabla ya miezi minne. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 20, na huenda huna. Mara moja kwa wiki, kila Ijumaa, ni laki tatu na ushei kwa mwezi, hiyo inavumilika. Lakini nisikuuzie sinia kama dawa. Baba alikaa pale kwa miaka, akiwa kijana mwenzao, akianza na watu wachache labda. Wewe ukishuka Ijumaa ijayo na kukaa katikati, mazungumzo yatakufa, watakula kama watu wa mtihani, na utarudi juu ukilia tena. Inaweza kuchukua Ijumaa nyingi. Inaweza isiwe wewe kabisa. Pengine kazi yako ni kulipia sinia na kuwaachia nafasi, usubiri waje kukuita. Je, unaweza kuvumilia kulipia meza ambayo hujaalikwa? Hilo silijui, na wala sitakucheka ukisema huwezi.

Njia nyingine ni kuwauliza wenyewe. Sio kwenye mkutano, maana mkutanoni watasema "tunashukuru mama". Mmoja mmoja, au kwa karatasi zisizo na majina, na mtu wanayemwamini akiwa wa kuzikusanya (mama wa usafi, kwa uzoefu wangu, anaaminika kuliko meneja yeyote). Uliza kitu kimoja kinachowachosha. Haigharimu kitu, ila ina makali yake: ukiuliza halafu usifanye lolote, utakuwa umeharibu zaidi ya ambaye hakuuliza. Na utayasoma mambo kukuhusu. Jiandae. Mimi niliandikiwa kwamba natembea kama polisi.

Kuna jambo moja nimeliacha mwisho kwa sababu nadhani ndilo zito, na wewe ulilipitia haraka kuliko yote. Zile siku mbili alizokatwa kijana.

Sheria iko upande wako, nataka hilo liwe wazi. Kufiwa na mzazi ni likizo yenye malipo ya siku nne, na mhasibu wako hakukosea. Lakini sheria yenyewe imetumia neno "angalau". Imeweka sakafu, haijaweka dari. Sasa chukua mahesabu ya ofisi nzima. Umetoa rambirambi laki mbili kwa mkono wa kulia, na mwisho wa mwezi mkono wa kushoto umechukua siku mbili. Mfiwa anaiona slipu yake ya mshahara. Na kwa kuwa wapo 15 waliomzika mama yake, slipu hiyo wameiona wote. Fulana inasema familia, slipu inasema utaratibu. Kati ya maandishi hayo mawili, watu husoma lile lenye tarakimu.

Je, umrudishie? Ungeweza. Inaweza kuonekana fidia ya kuchelewa, na wengine waliowahi kukatwa watauliza yao, nao watakuwa na haki ya kuuliza. Ungeweza kuandika utaratibu mpya wa misiba kwa wote kuanzia sasa, siku saba, au gari la kampuni likiwa na nafasi liende, na mtu mmoja wa uongozi aende daima. Hiyo ni gharama inayojulikana, kaka anaweza kuikubali kwa sababu ina hesabu, na haihitaji mtaalamu. Ungeweza pia kutofanya lolote la hela, ukamwita kijana ukamwambia tu kwamba hukuja na ulipaswa kuja, na kwamba siku ile ya makontena ulisema mbele za watu maneno uliyopaswa kuyasema mlango ukiwa umefungwa. Atakaa kimya. Usimdai jibu. Kwamba ukifanya hivyo heshima yako itashuka, wapo watakaokuambia. Mimi sikuona ikishuka kwa waliofanya, lakini kila mtu anaijua ofisi yake.

Na kama baada ya hayo yote bado unaitamani Bagamoyo, nenda, bahari haijamkosea mtu. Labda tu iwe siku ya kazi, watu waje na watoto wao, na yule messenja apewe kazi ya kuchoma samaki. Ile fulana msamehe. Pamba nzuri hufuta vizuri.

Barua yako ilinifikia siku nne baada ya kuiandika, na mimi nimekaa nayo siku tano. Kwa hesabu yangu mama wa yule kijana ana mwezi mmoja sasa tangu azikwe. Sijui kama ni watu wa kufanya kisomo cha arobaini au wana utaratibu mwingine wa kwao. Hukuniambia, na labda hukuuliza. Muulize. Kama ipo, muulize pia kama wageni wanakaribishwa, na akisema ndiyo, muulize Coaster huwa inaondokea wapi.